Usafi Mdogo

Kazi yangu ni kuharibu. Wenzangu wanaandika programu, mimi naichokonoa mpaka ianguke, kisha nawaambia imeangukia wapi. Ukifanya kazi hii kwa miaka unaota mdomo, na mimi ninao. Mama yangu alitabiri mapema kwamba mdomo huu utaninyima mume, na mpaka leo hakuna aliyemsuta.

Ofisi yetu iko mji wa Daejeon, juu ya duka la tambi za kukatwa kwa kisu, kwa hiyo ikifika saa tano asubuhi sote tunanukia mchuzi wa dagaa. Upande wa programu tulikuwa watatu tu: mimi niitwaye Maeng, binti mmoja aitwaye Daon, aliyetoka chuoni juzijuzi, na mzee Tak. Yeye tulimwita Bujang, yaani mkuu wa idara, ingawa idara ilikuwa imepukutika mpaka tukawa tunaingia sote kwenye lifti moja na bado inabaki nafasi ya mtu na baiskeli yake.

Tulitengeneza kitu kimoja, kisanduku cha kubandika ukutani kwenye nyumba ya mzee anayeshinda peke yake. Kinasikiliza mlango, kinasikiliza jiko, kinasikiliza nyayo, kisha kinamtumia ujumbe mwana au mume popote alipo. Mlango umefunguliwa. Jiko linawaka. Na baada ya kila muda kidogo, kama hakuna jambo: Yote salama.

Kisanduku chenyewe ni kidogo na kumbukumbu yake ni ndogo zaidi. Kila programu inapotaka kuandika ujumbe, sharti iombe nafasi kwenye hiyo kumbukumbu, iandike, iutume, halafu irudishe nafasi ili ujumbe mwingine uitumie. Bujang aliwafundisha vijana jambo hili kwa mfano wa hamamu ya mtaani. Unaingia, unapewa ufunguo wa kabati, unaweka nguo, unaoga, unavaa, unarudisha ufunguo. Watu wasiporudisha, siku moja makabati yatakwisha na hamamu itafungwa. Hilo ni kosa la kwanza na kila mtu analijua. Kosa la pili ni kurudisha ufunguo kisha kuendelea kuchokoa kabatini, ukidhani soksi zilizomo bado ni zako. La tatu ndilo baya kuliko yote, ufunguo mmoja kuandikwa umerudi mara mbili. Karani anaamini ana makabati mawili matupu, anawapa watu wawili kabati lilelile, na wewe ukitoka majini unakuta suruali ya mtu usiyemjua juu ya nguo zako.

"Aliyeazima ndiye arudishe," alikuwa akisema Bujang. "Si jirani yake, si shemeji yake. Yeye."

Aliisema sana hiyo, hata tukawa tunammalizia.

Kisanduku cha kwanza kabisa alikibandika nyumbani kwake. Mkewe, Seonu Bokhui, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Ilho kwa jina la mwanawe, alikuwa ameanza kusahau. Alianza na majina ya maua, akaja majina ya watu, halafu siku moja alitoka kununua tofu, ile jibini ya soya, akaonekana jioni stesheni ya treni, amekumbatia tofu yake, hajui arudi kwa njia gani. Ilho anafanya kazi Busan. Alipanda treni, akaketi na baba yake jikoni, akasema safari nyingine mama akitoka bila mtu kujua, atakuja na gari kumpeleka kwenye nyumba ya wazee, na hatabishana tena. Hakusema kwa ubaya. Mtu mwenye mama stesheni na mwenyewe yuko mji mwingine ana haki ya kuogopa.

Bujang akaapa kwa kisanduku. Mkewe hatavuka kizingiti bila yeye kujua dakika hiyohiyo, na kama anajua, basi hakuna wa kumhamisha mtu nyumbani kwake. Wakakubaliana hivyo, baba na mwana. Mama Ilho mwenyewe hakuambiwa lolote. Kwetu ugonjwa mkubwa unajulikana na nyumba nzima isipokuwa mgonjwa. Yeye anaambiwa ni uchovu tu, ni umri, ale vizuri.

Basi ikawa hivyo kwa muda, na mambo yakaenda. Bujang alimwekea mkewe supu kwenye bakuli asubuhi, mama akaipasha mchana kwenye maikrowevu, na simu ya Bujang ikatusomea yote salama mpaka tukaacha kuisikia.

Siku moja ya vuli tulikuwa chini tunakula tambi. Simu ililia, Bujang akaitupia jicho, yote salama, akaendelea kula. Punde ikalia tena, na mara hii alikuwa mwenye duka la dawa la mtaani kwake. Mama Ilho kapita mbele ya duka peke yake, kavaa koti lake zuri, anaelekea barabara kubwa. Bujang aliitazama simu yake, nayo bado ilikuwa inasema yote salama. Alisimama, akasahau kuvaa koti, akasahau na viatu, maana mle watu hula wamekaa sakafuni bila viatu. Mimi ndiye niliyemkimbizia viatu mpaka mlangoni. Sijawahi kumwona mtu mwenye umri ule akikimbia vile, na sitaki kumwona tena.

Tulizunguka kwa gari langu. Tulimkuta kwenye jengo moja lenye duka la miwani chini na nyumba ya wazee ghorofa ya pili. Alikuwa amekaa mapokezi kwenye nyumba hiyo ya wazee, koti limefungwa vifungo vyote, mkoba mapajani, anaongea na mhudumu kuhusu namna ya kupika supu ya mwani. Bujang alipiga magoti palepale mbele yake, akamshika mikono.

Mama Ilho alimtazama kwa mshangao. "Umefuata nini huku saa za kazi?"

Yule mhudumu alitaka kusema jambo. Alifungua mdomo mara kadhaa, lakini Bujang alikuwa ameshainuka anamwinamia na kumwomba radhi kwa usumbufu, na kila alipomaliza kuomba radhi alianza upya, mpaka mhudumu akakata tamaa akawa anainama na yeye. Tukamchukua mama tukaondoka. Hakuna aliyemwuliza alikwenda pale kufanya nini, kwa sababu sote tulidhani tunajua.

Bujang hajui kudanganya. Jioni hiyo alimpigia mwanawe akamweleza yote. Ilho akasema atakuja Jumamosi, na atakuja na gari.

Wiki hiyo ofisi ilikuwa kama nyumba yenye msiba. Bujang alikuwa anaondoka kila mchana kumlisha mkewe kisha anarudi. Daon alikuwa ameinamia kioo chake kutwa, macho mekundu, na nilipomwuliza alisema ni mafua. Mimi hasira zangu huwa nazimalizia kwenye kazi, kwa hiyo nilichukua kisanduku pacha wa kile cha Bujang nikakisumbua kama adui. Rekodi za mchana ule kutoka nyumbani kwake zilionyesha kitu cha ajabu. Mlango ulisikika ukifunguliwa. Ujumbe uliombewa nafasi, ukaandikwa. Lakini kilichotoka kwenda kwenye simu ni yote salama mbili, moja juu ya nyingine, kwa wakati mmoja. Ujumbe wa mlango ulikuwa umeandikiwa juu. Nikajua nimeona suruali ya mtu juu ya nguo za mwingine: nafasi moja imerudishwa mara mbili, ikagawiwa mara mbili. Mashine kubwa ingepiga kelele. Kisanduku chetu hakina mlinzi wa namna hiyo, kinaendelea tu na uso wake wa upole kukudanganya.

Kujua ni jambo moja, kulirudia ni jingine. Nilizima mtandao, nikauwasha. Nilifungua milango ya ofisi mpaka mama wa tambi akatuma mtu kuuliza kuna nini. Kisanduku kilikuwa kizima kama mbuzi wa mnadani.

Ijumaa mchana nilimwambia Bujang leo abaki, nitakwenda mimi kula na Mama Ilho. Nilitaka kukiona kisanduku mahali kilipokosea. Alinifungulia mlango akaniita kwa jina la dada yake, nikaitika. Kuna haja gani ya kubisha. Alinimenyea pea, akanikatia vipande, akakaa akinitazama nikila kwa ile furaha ya mtu anayelisha. Tuliongea mengi. Kisha akasema, kama mtu anayeendelea na mazungumzo mengine yaliyokuwa kichwani mwake, "Huyu mzee wangu siku hizi hali. Ana neno kooni, halitoki. Nikimtazama anatazama pembeni."

Nilimwambia ni kazi tu. Akanipigapiga goti kama mtu anayemsamehe mtoto uongo mdogo, akainuka kupasha supu.

Maikrowevu yao ni ya zamani, na waifai yao ni ya zamani zaidi, na vyote viwili viko kwenye rafu moja. Ile mashine ilipoanza kunguruma, niliona mtandao kwenye simu yangu unakufa, unafufuka, unakufa. Haukukatika moja kwa moja kama nilivyokuwa nikiukata ofisini. Ulikufa katikati ya kutuma, tonge limeshaingia mdomoni. Nikakimbia kufungua mlango na kuufunga. Simu yangu, niliyokuwa nimeiunga na kisanduku: yote salama, yote salama. Nilifurahi nikamkumbatia yule mama na bakuli lake mkononi, naye akanikumbatia bila hata kuuliza sababu.

Nilirudi ofisini nikaufungua ule mpangilio wa kutuma ujumbe, njia ile inayofuatwa pale tu utumaji unapovunjika katikati. Sikukaa sana. Nafasi ilikuwa inarudishwa kwenye sehemu aliyoandika Bujang. Na mistari michache mbele, kwenye sehemu aliyoandika Daon, ilikuwa inarudishwa tena. Mistari yote miwili ilikuwa imeongezwa katika wiki moja, kila mmoja na maelezo yake mafupi pembeni ya kueleza kilichobadilishwa. Bujang alikuwa ameandika: usafi mdogo. Daon alikuwa ameandika: usafi mdogo.

Niliyaelewa yote hapohapo. Kwetu kuna kitu kinaitwa nunchi, kumsoma mtu jicho na kumtendea analolihitaji kabla hajafungua mdomo. Mtoto asiye na nunchi anachekwa, na mkwe asiye nayo anasemwa mpaka kaburini. Tunajivunia sana jambo hili. Wawili hawa walikuwa wamesomana, wote kwa upendo, wote kwa siri.

Niliwaita mezani kwangu. Nilimwonyesha Daon mstari wake, nikamwuliza kama ni wake.

"Ni wangu, dada."

"Uliuweka kwa nini?"

Alimtazama Bujang, akatazama sakafu. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba kisanduku kilikuwa kinazidi kuwa kizito kila siku, nafasi zinapungua. Akatafuta, akakuta kwamba utumaji ukivunjika nafasi hairudishwi. Kasoro ilikuwa kwenye sehemu ya Bujang.

"Na hukumwambia."

"Ningemwambiaje, dada? Huyu ndiye aliyenifundisha kurudisha. Ningeanzia wapi, nimwambie mzee umesahau? Na nyumbani kwake mambo yako vile?" Alianza kulia. "Nikarudishia huku kwangu, asione."

Bujang alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Alivua miwani, akaifuta na tai, akaivaa, akaivua tena.

"Mimi niliiona mwenyewe," akasema. "Wiki hiyohiyo. Nikaona nimesahau kurudisha, mimi ninayewaimbia kila siku. Nilikaa kwenye kiti nikashindwa kuinuka. Nikasema moyoni, nyumbani yupo anayesahau, sasa tumekuwa wawili." Akavaa miwani. "Nikarekebisha, nikaandika usafi mdogo. Nilimwonea haya Daon. Nilijua akiona, atahuzunika."

Daon alifunika uso kwa mikono. Mimi nilitaka kuwakumbatia wote wawili na nilitaka kuwachapa wote wawili, na kwa kuwa nina mdomo niliotabiriwa, nikaanza na la pili.

"Mmehurumiana vizuri," nikawaambia. "Yeye kakurudishia, wewe umejirudishia, na mama wa watu katoka barabarani simu inasema yote salama. Huruma gani hiyo isiyo na ulimi? Hapa si mezani kwenu, kwamba kila mtu anamwekea mwenzake nyama bakulini na kunyamaza. Mtu kasahau, mwambie kasahau. Umesahau, sema umesahau. Si kufa."

Nilikuwa nimepandisha sauti kwa mkuu wangu wa idara, mtu aliyeniajiri. Nilisubiri anigeukie. Badala yake mabega yake yakaanza kutikisika, na ikanichukua muda kujua kwamba anacheka, macho yakiwa yamejaa maji.

"Bi Maeng ana haki," akamwambia Daon. "Tuondoe upi?"

"Wangu," Daon akasema. "Aliyeazima ndiye arudishe."

"Si shemeji yake," Bujang akasema.

Daon alifuta ule mstari mmoja, na pale kwenye maelezo, badala ya usafi mdogo, aliandika sentensi ndefu iliyonyooka, nani aliweka nini na kwa nini, majina yakiwa wazi. Kabla hajaituma alimgeukia mzee na kumwambia kwamba safari nyingine akimwona amesahau atamwambia. Bujang akamjibu amwambie hata mbele za watu. Daon alifikiri, akasema mbele za watu hapana, na wote wakacheka, hata mimi.

Lakini kesho yake ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi ilikuwa na gari lake.

Nilifika nyumbani kwa Bujang mapema kukipa kisanduku programu mpya. Mama Ilho alikuwa amekaa sebuleni sakafuni, anamenya mapera ya Kichina yale ya rangi ya machungwa, ganda linatoka refu bila kukatika. Ilho aliingia muda si mrefu. Alimsalimia mama yake kwa upole, lakini alibaki pale mlangoni, chini, watu wanapovulia viatu, hakuvua, kama mtu aliyekuja kuchukua mzigo na gari linanguruma nje. Uso wake ulikuwa umechoka. Ni wa baba yake, ule uso, hata namna ya kuifutia miwani kwenye tai.

Bujang alimweleza kosa lilivyokuwa. Hakuficha kitu, alisema mimi nilisahau, mwenzangu alinisitiri, mimi nikajisitiri. Akawasha maikrowevu, ikanguruma, akaniomba nifungue mlango. Simu ikalia mkononi mwake: mlango umefunguliwa. Aliinua simu amwonyeshe mwanawe.

Ilho aliitazama. "Baba," akasema taratibu, "kisanduku kitakwambia ametoka. Hakitakwambia amekwenda wapi."

Bujang alishusha ile simu. Nilitafuta mahali pa kutazama nikakosa, kwa sababu alichosema Ilho kilikuwa kweli, na kweli nyingine hazina mstari wa kufuta.

Basi Bujang akafanya jambo ambalo sijui kama angelifanya wiki moja kabla. Alikwenda akakaa sakafuni mbele ya mkewe, magoti kwa magoti, akamwondolea kile kisu mkononi, akakiweka pembeni.

"Mama Ilho," akasema. "Wewe unaumwa. Si uchovu. Ni ugonjwa wa kusahau, na utazidi. Mimi na Ilho tulijua, tukakuficha."

Ilho alisogea hatua, kama anayetaka kumziba baba yake mdomo. Mama Ilho hakushtuka hata kidogo.

"Najua," akasema. "Bahasha ya dawa imeandikwa. Kusoma bado sijasahau."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu dawa zilipoanza. Nikaona mnahangaika kunificha, nikasema niwaache, wasije wakaumia." Alimtazama mumewe usoni, akamwondolea uzi kwenye bega. "Umekonda. Kutwa una neno hulisemi. Nikalisoma. Nikaona unataka kunipeleka kwenye ile nyumba na unaona haya kunitamkia. Basi siku ile nikavaa koti, nikaenda mwenyewe kuulizia kitanda. Nilitaka ukirudi ukute limekwisha, usipate taabu ya kusema."

Nilimkumbuka yule mhudumu na mdomo wake uliokuwa unafunguka na kufungika, na sisi tunainama.

"Nani alikwambia nataka kukupeleka?" Bujang aliuliza. Sauti ilikuwa imepasuka.

"Hakuna aliyeniambia. Hujasema kitu."

"Sitaki. Sijataka hata siku moja. Mimi nilikuwa napigana usiende."

"Kweli hutaki?"

"Sitaki."

Alimtazama sana, kwa uangalifu, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Kisha uso wake wote ukalegea, na ndipo nikaona jinsi alivyokuwa ameukaza muda wote ule.

"Hata mimi sitaki," akasema. "Sasa nilikuwa naenda kwa nini?"

Bujang akacheka, akalia, akaweka paji la uso wake kwenye mikono ya mkewe iliyokuwa inanata utamu wa matunda. Mama Ilho alikuwa anampapasa nywele na kuniomba mimi kwa macho nimpe kitambaa, nami nilikuwa nimekishika, nimeshakitumia.

Ilho aliongea kutoka kule mlangoni, na ilikuwa wazi kwamba hasemi ili ashinde. Alisema hayo yote sawa, lakini siku itafika mama atoke na asijue kweli anakwenda wapi, na siku hiyo itakuwaje.

Mama Ilho alimjibu yeye, lakini alikuwa anamtazama mumewe.

"Siku hiyo ikifika, mniambie. Kwa mdomo, hapa, kama hivi. Nitakwenda. Ila msinifiche tena, na mimi sitawaficha." Akafikiri kidogo. "Na nikisahau kwamba mmeniambia, mniambie tena."

"Nitakwambia tena," Bujang akasema.

"Kila siku?"

"Kila siku."

Aliridhika. Aliokota kisu chake, akalitafuta lile tunda, akaendelea pale alipoachia. Halafu akainua kichwa akamwona mwanawe bado amesimama kule chini, akamwuliza kwa nini anasimama na viatu kama mgeni, na kama amekula. Ilho akasema hajala. Akainama kufungua kamba, na ilimchukua muda mrefu kuzifungua.